Jeli Isiyokuwa na Vyumba

Kulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa maabara ya hospitali. Kazi yake ilikuwa kupika jeli ya ngozi ya samaki, kuigandisha kwa baridi, kisha kupanda humo chembe hai za mgonjwa, ziote kama mchicha tutani mpaka ziwe ngozi mpya. Safari hii mgonjwa alikuwa dada mmoja mpika vitumbua aliyeungua mkono wa kulia kwa mafuta. Chembe zake zilizobaki zilitosha kupandwa mara moja tu.

Asubuhi mkuu wake akaja mbio. "Mama, wageni wanaingia saa nane. Igandishe kwa baridi kali, dakika kumi imekwisha!"

"Haitakuwa tayari mpaka kesho, mkuu."

"Sasa utawaonyesha nini? Friji?"

"Nitawaonyesha friji."

Mnacheka? Yeye hakucheka. Alijua kwamba jeli ikiganda polepole, maji yake huwa mapande makubwa ya barafu, na barafu ikitolewa, huacha vyumba. Ukiigandisha kwa pupa, huacha vitundu ambavyo hata chembe haipenyi.

Mkuu akaenda akagandisha yake. Nyeupe, nyororo, haina hata kovu! Wageni wakapiga makofi. Mkuu akavimba kichwa. "Haya mama, panda chembe za mgonjwa humu."

Mngefanya nini ninyi, mbele ya wakubwa? Mama yule akachukua tone la maji ya rangi, akalidondosha juu ya ile jeli. Tone likakaa, likateleza, likaanguka mezani.

"Mkuu, maji tu yamekosa mlango. Chembe za yule dada zitaingilia wapi?"



Kesho yake akatoa ya kwake. Mbaya ajabu, imejaa matundu kama dodoki kuukuu. Tone likazama papo hapo. Akapanda chembe, zikaingia, zikashika, na yule dada akapata ngozi. Nampenda mama yule, jamani! Hakumwogopa mtu.

Sasa sisi. Tunambatiza mtu Jumapili hii, Jumapili ijayo tumemfanya mzee wa kanisa. Mungu akitukawiza kwenye baridi tunanung'unika, kumbe anatuchimbia vyumba. Tumetoka nyororo, tunang'aa, tunapigiwa makofi. Juzi mjane alikuja hapa na kilio chake. Alikaa benchi lile la nyuma, ibada ikaisha, akaondoka nacho. Hakuna aliyemfukuza. Alikosa tu pa kuingilia ndani yetu.