Ubao wa Suhaimu

Hebu jaalieni, wanangu, kwamba mmesimama asubuhi mlangoni mwa chuo kimoja cha Kurani cha zamani, katika mji wa nyumba za udongo ukingoni mwa jangwa. Mikeka imetandikwa. Mbao za kuandikia zimeegemezwa ukutani, kila mmoja na wino wake mweusi, kila mmoja unamngoja mwenyewe. Lakini hamsikii sauti ya mtoto. Mwalimu amekaa peke yake, kijiti cha kuonyeshea herufi kimo mkononi, na hana wa kumwonyesha.

Inasimuliwa kwamba mwalimu huyo alikuwa mwanamke mcha Mungu, Bi Hunaida, Mola amrehemu, na kwamba mwaka ule homa iliingia mjini ikawachagua watoto. Kila alfajiri aliisikia milango ikifunguliwa na majeneza mafupi yakitoka. Waliopona waliwekwa ndani na mama zao.

Chuo chake kilikuwa na desturi. Mtoto aliandika darasa lake ubaoni kwa wino wa masizi, akalihifadhi, na ubao haukuoshwa mpaka alisome lote kwa moyo mbele ya mwalimu. Kuosha kulikuwa ushahidi. Maji yake yalimwagwa shinani mwa mkomamanga wa nyumbani kwa mwalimu, mahali pasipokanyagwa, na aliyeosha ubao wa mwisho wa msahafu alihesabiwa kuwa amekhitimu, jina lake likatajwa msikitini siku ya Ijumaa.

Miongoni mwa mbao zile ulikuwamo wa Suhaimu, mwana wa pekee wa Bi Rababu, mjane msokota sufu. Ulikuwa ubao wake wa mwisho. Alikuwa amehifadhi nusu yake pale homa ilipomchukua.

Siku ya kumaliza matanga, Bi Rababu alikuja chuoni pamoja na shemeji yake, Bwana Dhakwani, ambaye nyumba ile ya chuo ilikuwa mali yake. Mama aliongea akiwa amesimama.

"Mwalimu, osha ubao wa mwanangu. Useme amekhitimu."

Mtungi wa maji ulikuwa karibu na goti la Bi Hunaida. Alimpenda mtoto yule, na alijua kwamba hakuna mtu hai ambaye angedhurika. Mkono wake ulikwisha kuugusa mtungi. Kisha akauondoa, akaweka kidole katikati ya ubao.

"Mwanao alifika hapa, mwanangu. Mpaka hapa alisoma bila kosa, nami nitamshuhudia mbele ya Mola wangu. Kutoka hapa kwenda chini hakusoma. Nikimshuhudia kwa asichokisoma, hiki alichokisoma nani ataniamini?"

"Mwalimu wa mtaa wa juu ameosha mbao zote za maiti wake," alisema Dhakwani. "Hakuna aliyemuuliza kitu."

"Ataulizwa, bwana."

"Unambania maiti? Maiti mtoto?" Dhakwani alitazama dari, akatazama kuta. "Nyumba hii ni ya nani, Bi Hunaida?"

"Ni yako, bwana."

"Basi kusanya mikeka yako."

Akakusanya. Mbao alizibeba kifuani, chache chache, mpaka barazani kwake, na ule wa Suhaimu akautanguliza. Homa ilipopungua, wazazi wengi walichukua mbao za watoto wao, waliokufa na waliopona, wakawapeleka waliopona mtaa wa juu. Walimbakia wachache tu, wale ambao hakuna mwalimu mwingine aliyewataka. Kisimani wanawake walimwachia nafasi, si kwa heshima.

"Sogeeni mbali naye," alisema mmoja, kwa sauti ya kusikika. "Asije akamwambia mtu kwamba hajui kuteka maji."

Bi Hunaida aliteka maji, akarudi kufundisha.

Asubuhi moja alimwona Bi Rababu amesimama mbele ya baraza, peke yake, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Wewe unalala?" aliuliza, bila salamu.

"Silali."

"Afadhali." Akakaa chini. "Niambie nifanye nini ubao ule uoshwe. Nikilala naona umesimama ukutani, unaningoja mimi."

"Nusu iliyobaki isomwe. Na simjui wa kuisoma ila wewe."

"Mimi? Sijui hata herufi moja. Kichwa changu kimekauka kama ngozi ya mbuzi."

"Basi tutakilowesha. Haitasemwa kwamba Suhaimu alikhitimu. Itasemwa kwamba alianza, na mama yake akamalizia. Hilo naweza kulishuhudia."

Msidhani, wanangu, kwamba kazi ile ilikuwa nyepesi. Bi Rababu alikuwa mwanafunzi mzito na mkali. Vidole vyake vilizoea sufu, vikavunja kalamu za mwanzi moja baada ya nyingine. Alilofundishwa asubuhi lilipotea adhuhuri, naye akamlaumu mwalimu. Kuna siku alimrushia wino kifuani, akaondoka akisema kwamba watu walisema kweli, kwamba mwalimu yule ni jiwe. Bi Hunaida aliifua nguo yake, na kesho yake akautandika mkeka palepale. Moyoni alikuwa na hofu, maana hakujua kama alimwongoza mama yule kwenye nuru au alikuwa akikitonesha kidonda. Akasali, akangoja. Bi Rababu akarudi.

Msimu wa baridi ukapita, na mkomamanga ukachanua. Siku moja Bi Rababu aliugeuza ubao wa mwanawe, akafumba macho na kuanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, akikaribia mwisho, na watoto wale wachache wakanyamaza kumsikiliza. Kisha mwalimu akagonga mkeka.

"Rudi nyuma, mwanangu. Umeruka neno."

Kila mmoja pale alidhani mama atalia. Hakulia. Alivuta pumzi, akarudi, akasoma mpaka mwisho, wala hakukosea.

Bi Hunaida akasogeza mtungi. "Sasa osha."

Bi Rababu aliugeuza tena ubao, akautazama. Mkono wake haukwenda kwenye maji. Alipitisha kidole kwenye mstari mmoja, akasimama.

"Hapa kalamu ilimwishia wino," alisema. "Na hii, ameiandika kubwa. Alikuwa na haraka." "Siku ile nilipokwambia uoshe, mwalimu, nilikuwa naona weusi tu. Sikujua kwamba ni mkono wake. Sasa najua. Usiniambie nioshe."

Bi Hunaida akamwonyesha binti mdogo wa mchunga ngamia, aliyekuwa akiandika mchangani kwa kidole, kwa sababu mbao za chuo zilikuwa hazitoshi.

"Ukiubakisha, sitakulaumu," alisema. "Lakini ubao wenye wino haumfundishi mwingine."

Jua lilifika ukutani kabla mama hajasogea. Hatimaye alichota maji kwa kiganja, akaosha, taratibu, kutoka chini kwenda juu, na mstari wa kwanza ndio uliokuwa wa mwisho kuondoka. Maji akayapeleka mwenyewe shinani mwa mkomamanga. Kisha akampa yule binti ubao ukiwa bado mbichi, akarudi nyumbani kwake kusokota sufu, akilia njia nzima.

Ijumaa ile jambo hilo lilitajwa msikitini kama lilivyokuwa, kwamba Suhaimu alianza na mama yake akamalizia, si zaidi. Dhakwani hakurudisha nyumba, na chuo cha Bi Hunaida hakikujaa tena mpaka alipofariki. Bali wasimulizi wanasema kwamba alipofundisha barazani kwake, palikuwa na mwanamke aliyekaa pembeni yake na sufu mapajani, akiwasikiliza watoto waliochelewa kushika, wala hakumfokea hata mmoja.

Elimu, wanangu, haikuahidi kumpunguzia mama yule huzuni. Ilimwonyesha alichokuwa nacho, na hapo ikamtaka akitoe.

Nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Mtakapopewa ubao safi, wekeni mkono juu yake kwanza, kabla ya kuandika, kwa ajili ya mkono ulioandika hapo kabla yenu.