Kipini cha Siwema na Simu Arobaini

Hapo zamani, si zile za majini, zamani za juzi tu simu zilipokuwa na vitufe, alikuwapo fundi mmoja Tanga akiitwa Msellem. Kila simu aliyoitengeneza ilikufa. Siku moja akasikia kwamba maiti za simu zina dhahabu ndani, akaona riziki imemfuata nyumbani.

Akabandua vibao vya simu arobaini, akavitia kwenye chupa ya tindikali. Lakini je, tindikali ile inayeyusha dhahabu kweli? Mwenye akili angeuliza. Msellem alichukua kipini cha pua cha mkewe, Siwema, alichoachiwa na marehemu bibi yake, akakitumbukiza ili ajaribu. Kikayeyuka, na yeye akafurahi, bwana!

Siwema alilia mpaka sauti ikakauka. Arusi ya mdogo wake ilikuwa Ijumaa, naye angekwenda na tundu tupu puani, mawifi wakimtazama. Na kuitoa dhahabu kwenye yale maji Msellem hakujua, maana aliyemfundisha aliitwa kwenye pilau kabla hajamaliza somo. Siwema akamwambia mavyaa wake, Bi Mize, mama wa huyo fundi, akaimwage chupa chooni, hataki kuiona tena.

Lakini Bi Mize hamwagi kitu, hata maji ya mchele anayaweka. Alisikia tindikali hula kutu, akaimimina kwenye ndoo ya misumari mikuukuu. Baada ya siku mbili tope la kahawia likatuama chini. Kumbe chuma huifukuza dhahabu kwenye tindikali! Alhamisi wote watatu wakalipeleka kwa sonara alijaribu, akaliyeyusha, likatoka tone la dhahabu, uzito wake sawasawa na kile kipini. Sonara akasema linatosha kitu kimoja tu.

"Hicho ni kipini changu," alisema Siwema. "Simu zako hazikuwa na kitu, kama kichwa chako."

"Simu arobaini zikose hata chembe?" alisema Msellem. "Kipini kilikwisha kufa, hii ni ya simu. Niachie ninunue tindikali nyingine, nitakuletea vipini kumi."

Bi Mize akafunua pengo lake la mbele.

"Wewe mwanangu ulikiyeyusha. Wewe mkamwana ulisema kimwagwe. Nyote wawili mlikwisha kukitupa, mimi nikaokota. Nataka jino."

Sonara alikuwa amewasha moto, anangoja aambiwe afue nini. Haya, nyinyi mnaojua sana kuhukumu nyumba za watu: je, nani alistahili tone lile, mwenye pua, mwenye chupa, au mwenye pengo?