Panya Aliyemchagulia Paka Mti

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kama mgonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Pakawa paka, pakawa panya, pakawa mti usio na jani hata moja.

Mti gani huo, Bibi?

Mti wa ndani ya nyumba. Endeleeni kuchambua mchele, mikono kwenye ungo, masikio kwangu. Na wewe Mkasi, vijiwe hutupwa nje, si chini ya mkeka. Nakuona.

Basi. Palikuwa na mama mmoja, Bi Mashavu, na paka wake aliyeitwa Mwinyi. Paka huyo, loo! Kichwa kama chungu, mkia kama mchi. Aliletwa akiwa mchanga, ndani ya kikapu, na tangu siku hiyo hakukanyaga nje, maana Bi Mashavu aliogopa magari. Asubuhi Mwinyi alikula dagaa, akasema, "Bado." Mchana alikunywa maziwa, akasema, "Bado." Jioni alikula kichwa cha samaki changu na macho yake, akasema, "Bado." Kisha alijilaza kwenye mkeka katikati ya chumba, akingoja panya.

Na panya walikuwapo. Nyuma ya kabati la vyombo palikuwa na tundu, na ndani ya tundu aliishi Kijino na watoto wake saba. Baba yao hayupo. Baba yao aliingia kwenye lile neno "bado", mwezi uliopita.

Sasa sikilizeni shida yao. Tundu lilikuwa upande huu wa chumba. Pipa la mchele lilikuwa upande ule. Katikati mkeka, na juu ya mkeka Mwinyi. Siku tatu watoto wa Kijino hawajatia kitu tumboni. Yule wa mwisho, Kichembe, alikuwa hata kulia hawezi tena, anafungua mdomo tu. Kijino akamtazama mwanawe, moyo ukamuuma, akasema, "Nakwenda."

Akatoka. Nyata, nyata, nyata. Akafika ukingo wa mkeka. Nyata, nyata, nyata. Akafika katikati.

Hap! Yumo mdomoni mwa Mwinyi.

Mimi hapo ningelia, sioni haya kusema. Kijino hakulia. Kijino, akiwa kati ya meno ya juu na meno ya chini, alisema, "Shikamoo, Bwana Mwinyi."

Mnacheka nini? Mwinyi alijiona muungwana, mtoto wa nyumba kubwa. Akiamkiwa lazima aitike. "Marahaba," akasema, na mdomo ukafunguka, Kijino akadondoka, tap! Ila kabla hajainuka, unyayo wa paka ulishatua juu ya mkia wake.

"Ulitaka kukimbia?"

"Nikimbie niende wapi, Bwana, na mkia wangu umeushika wewe? Nilikuja kukupa pole. Nimesikia habari ya kochi."

Mwinyi akanywea. Maana habari ya kochi ilikuwa hivi: kucha zilimwasha. Kila siku kwaru, kwaru, kwaru, kochi la Bi Mashavu likabaki nyuzi. Jana Bi Mashavu alishika kiuno, akasema, "Mwinyi! Ukilikwaruza tena mara moja tu, nakupeleka sokoni kwa wauza samaki. Ukalale chini ya meza, ukamwagiwe maji machafu!" Kisha akamwita Fundi Makame, seremala wa mtaa ule, amletee paka mti wa kupanda humo ndani. Fundi akauliza, "Mti wa namna gani, Bi Mashavu?" Bi Mashavu akajibu, "Mimi najua? Kuanzia kesho leta mmoja kila siku, siku tatu, achague mwenyewe. Akiukataa, rudi nao."

Mwinyi akainama mpaka sikioni mwa panya, akanong'ona. "Kijino, usimwambie mtu. Mti ni kitu gani?"

Masikini! Ameletwa kikapuni, amekulia mkekani, mti hajawahi kuupanda. Kijino yeye alikulia nje kabla ya kuhamia humu. Miti anaijua.

"Bwana," akasema, "mti nitakuchagulia mimi. Lakini na wanangu wale."

"Watakula siku hizi tatu," akasema Mwinyi. "Punje moja kwa siku, wagawane, si kilo. Na ukinichagulia mti mzuri, nakuacha. Ukinichagulia mbaya, nakula wewe na wanao wote saba."

Hivyo ndivyo alivyosema kwa mdomo. Tumboni alisema hivi: nikishapata mti, nitamla mama kwanza, halafu watoto, mmoja kila siku, wiki nzima nina kitoweo. Na Kijino alilisikia lile tumbo. Kaishi na paka miaka, atakosaje kulisikia?

Siku ya kwanza Fundi Makame akaleta mti. Mrefu, mwembamba kama fito, mguu wake mdogo kama kisahani cha kikombe. Kijino akajificha chini ya kochi.

"Kijino, nipande?"

Panya mwingine angesema panda, Bwana, panda mpaka juu. Mkasi, wewe ungesema hivyo, nakuona unavyotabasamu. Paka aanguke, avunjike mguu, tufurahi. Haya, akivunjika mguu atalala wapi? Chini! Atalala mlangoni kwa nani? Kwa Kijino! Na hasira zake atazimalizia kwa nani? Umeona. Kijino alikuwa na kichwa kidogo kama punje ya njugu, lakini ndani mlikuwa na watu wengi.

"Usipande," akasema. "Mti hutikiswa kwanza. Tikisa."

Mwinyi akaweka unyayo mmoja. Tiki, tiki, tiki, puuu! Mti huo chini, kopo la sukari limekwenda nao.

"Yallah!" akapiga kelele Bi Mashavu. "Fundi, rudi na huu mti wako!"

Mwinyi alitetemeka masharubu. "Kijino, ningekuwa juu mimi!"

"Ungekuwa juu, Bwana. Kisha ungekuwa chini."

Siku ya pili Fundi Makame akaleta mti. Mfupi, mnene, umevishwa mahameli nyekundu kutoka chini mpaka juu, unang'aa kama kofia ya bwana harusi. Mwinyi akautikisa. Haukutikisika. Akarukia juu, pup! Akakaa. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kichwa kulia.

"Kijino," akasema, "naupenda huu. Nauona mkeka wote. Naliona pipa. Naliona na tundu lako, mpaka ndani. Yule mdogo pale si ndiye Kichembe?"

Kijino jasho lilimtoka mpaka kwenye kucha. Paka akikaa pale, basi tena, hakuna mtoto atakayepita. Lakini hakupayuka. Alisema taratibu, "Mzuri, Bwana. Hebu shuka ujinyooshe, uupime."

Mwinyi akashuka, akasimama kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha. Kiuno hakijanyooka, mikono imeshapita juu ya mti, inashika hewa. Akakwaruza mahameli. Kwaru! Kucha ikanasa kwenye nyuzi. Akavuta. Imenasa. Akavuta. Imenasa. Akapiga mwereka na mti wake.

"Bwana," akasema Kijino, "mahali pa kujinyoosha huna, na kitambaa kinakukamata. Kesho kucha zikiwasha utarudi wapi?"

"Kwenye kochi."

"Na ukirudi kwenye kochi utakwenda wapi?"

"Sokoni!" akalia Mwinyi. Akaugeuzia mti ule mkia, na Bi Mashavu akasema, "Fundi, na huu kaukataa."

Sasa niwaambie jambo. Katika yote hayo Kijino alidanganya nini? Nitajieni neno moja la uongo.

Hamna, Bibi.

Hamna! Ndiyo maana nampenda panya huyu, nasema waziwazi. Kusema uongo kila mtu anaweza.

Siku ya tatu Fundi Makame akaleta mti. Aliuburuta, hakuubeba. Chini ubao wa mvule, mpana na mzito. Shina limezungushiwa kamba ya mkonge, duara juu ya duara. Katikati kibao cha kukanyagia. Juu kabisa, karibu na dari, kiti kipana kama ungo, chenye ukingo wa kuegemea. Mwinyi akautikisa, haukutikisika. Akajinyoosha, akanyooka kuanzia kisigino mpaka ukucha. Akakwaruza mkonge, kwaru, kwaru, kwaru, raha ikamshuka mgongoni mpaka macho yakafumba.

"Ndio huu, Kijino?"

"Ndio huu, Bwana. Bado mahali pa kuuweka. Hapa katikati utamtazama nani? Kochi? Nenda dirishani ulie."

Mwinyi akaenda dirishani, nyaau! Bi Mashavu akasema, "Fundi, anautaka dirishani." Fundi Makame akausukuma mti mpaka dirishani, akajifuta jasho, akaenda zake. Bi Mashavu naye akaingia jikoni.

Chumba kikabaki na wawili. Mwinyi akalamba mdomo.

"Kijino, ahsante. Mti nimepata. Sasa sogea nikule."

"Si uliniahidi, Bwana?"

"Niliahidi nina njaa."

"Na sasa?"

"Bado."

Ndani ya tundu watoto saba walisikia neno lile, wakashikana mikia. Kijino akatoka chini ya kochi, akakaa sakafuni, mbele ya mguu wa mti, akakunja mikono.

"Sawa, Bwana. Mimi sikimbii. Ila kiti cha juu hujakikalia, na mchaguzi wa mti ni mimi. Ukishanila, kikikuuma mgongo utamuuliza nani? Panda, kaa, tazama nje. Kisha shuka unile. Nakungoja hapa."

Mwinyi akaona maneno yana maana, na panya yupo, haendi popote. Akapanda. Kwaru, kwaru, kwaru, akakanyaga kibao. Kwaru, kwaru, kwaru, akafika kitini. Akazunguka mara moja, akazunguka mara mbili, akakaa. Jua la asubuhi likamwangukia tumboni. Akatazama nje.

Wanangu! Hajawahi kuiona dunia kutoka juu. Shomoro kwenye waya, wawili, watatu, saba. Kunguru anaiba mkate. Mbuzi anakula gazeti.

"Bwana Mwinyi," Kijino akaita, "utashuka?"

"Ngoja kidogo. Kuna shomoro."

Kijino akangoja. "Bwana Mwinyi, utashuka?"

"Ngoja kidogo. Muuza samaki anapita na baiskeli."

Kijino akangoja. "Bwana Mwinyi, utashuka?"

Kutoka juu, khorooo, khorooo, khorooo.

Hapo ndipo Kijino alipogeuka, akaenda kwenye tundu, akasema, "Tokeni." Wakatoka. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, wakapita katikati ya mkeka, chapu chapu chapu, wakaingia kwenye pipa la mchele. Kichembe akaikumbatia punje yake kwa mikono yote miwili, ndefu kuliko mkono wake, akaila mpaka ncha. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kwiii, na Kijino akaketi hapo hapo kwenye mchele akalia naye, kwa furaha ya kuisikia sauti ile tena.

Bi Mashavu alipotoka jikoni akamwona paka wake juu ya mti. "Maskini mwanangu, kapenda!" Tangu siku hiyo chakula anampelekea kule kule, dagaa juu, maziwa juu, kichwa cha changu juu. Kochi limeshonwa. Mwinyi amenenepa mpaka ukingo wa kiti umeingia kwenye tumbo. Na kila asubuhi Kijino, watoto wakiwa wameshiba, hufika chini ya mti, humwamkia, huuliza, "Bwana Mwinyi, utashuka leo?"

Na kila asubuhi Mwinyi hujibu, "Marahaba. Ngoja kidogo."

Haya, funzo la hadithi, na mlishike: mdogo akae kwenye tundu lake, asimpe ushauri mkubwa, maana mkubwa huona mbali.

Lakini Bibi! Kijino si ndiye kashinda?

Kwani funzo hili nimelitunga mimi? Nimepewa na Mwinyi. Kanitupia kutoka kule juu, nikaliokota. Mkitaka kubishana naye, mngojeeni ashuke.

Hadithi yangu imepanda, imekaa, imekataa kushuka. Mwenye ngazi akaichukue. Mkasi, lete huo mchele, na hivyo vijiwe chini ya mkeka uvitoe.