Pelele Aliyebakisha Sharti Moja

Mikono kwenye kunde!
— Masikio kwako!
Nikidanganya?
— Tutacheka!
Nikisema kweli?
— Tutacheka vilevile!

Haya, tutaona kama mtacheka.

Leo sikuwa na mpango wa hadithi. Nilitaka kunde hizi zipukuchuliwe zote kabla jua halijafika kizingitini. Lakini Chausiku ameniuliza swali, tena ameniuliza mdomo wangu umejaa ugali: "Bibi, mtu anayesomea Kifaransa na Kiitaliano chuo kikuu, anamaliza lini?" Kombo, usicheke, ni swali la maana. Mimi chuo kikuu sijui hata mlango wake unatazama wapi, ila habari za Pelele nazijua.

Pelele mnamjua. Ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene mnene, hana mkia. Alikuwa na rafiki yake, Mbayuwayu. Kila mvua za vuli zikianza, Mbayuwayu alikuja kutoka Italia, akalala kwenye ufa wa jiwe la Pelele. Kila masika yakikaribia, aliondoka na wenzake, akarudi Italia. Wakati wa vuli Pelele hakulala, ni soga tu mpaka koo linakauka. Na wakati wa masika alikaa juu ya jiwe akitazama upande rafiki yake alikoelekea.

Sasa vuli moja mbayuwayu wakaja, ndege wa Pelele hayumo. Pelele akamuuliza wa kwanza, akamuuliza wa pili. Wote wanafukuza kumbikumbi, wana haraka zao. "Yuko," wakasema. "Ameumia, hawezi kuruka. Yuko kwenye zizi moja huko, hatujui ni zizi la nani."

"Nikienda nitampata?" akauliza Pelele.

"Utampata kwa kuuliza. Lakini kule ukiuliza kwa lugha yako, watakutazama tu."

Basi, Pelele akakaa na hilo neno. Roho ikamuuma.

Kule mawe yalikokuwa kulikuwa na chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Majabalini. Kilikuwa na idara moja ya Kifaransa na Kiitaliano, na mwanafunzi aliyetimiza masharti yote alipelekwa Italia kwa msimu mmoja, akakae na wenye lugha. Aliyempeleka ni Korongo. Alikuwa na kikapu, anakibeba kwa mdomo, na kikapu kilikuwa cha mtu mmoja tu. Mkuu wa idara alikuwa Fisi. Ee, Fisi! Msiniulize alipataje kazi, mimi sikuwa kwenye usaili.

Pelele akapanda mlima, paka-paka-paka.

"Hodi!"

"Hodi na nini mkononi?" Ndivyo Fisi alivyokuwa akijibu, hata salamu hana.

"Na viazi, mheshimiwa. Nataka kusoma Kiitaliano."

Fisi akala viazi, nyafu-nyafu-nyafu. Akajifuta mdomo. "Umekubaliwa. Bado sharti moja. Hapa Kiitaliano hakisomwi peke yake, idara ni moja. Kasome Kifaransa kwanza."

Pelele akasoma Kifaransa. Mwalimu alikuwa Kasuku, na Kasuku alifundisha vizuri, simsemi. Pelele akakisoma mpaka akawa anaota kwa Kifaransa. Akapanda mlima, paka-paka-paka.

"Hodi!"

"Hodi na nini mkononi?"

"Na mahindi, mheshimiwa. Kifaransa nimemaliza."

Nyafu-nyafu-nyafu. "Umefaulu. Bado sharti moja. Kasome Kiitaliano, uandike insha ndefu kwa Kiitaliano chenyewe. Ukiandika kwa lugha ya nyumbani, haihesabiwi."

Pelele akakisoma, akaandika. Unajua aliandika nini? Aliandika juu ya ndege wanaoondoka. Kasuku aliisoma, akageuka ukutani. Pelele akapanda mlima.

"Hodi!"

"Hodi na nini mkononi?"

"Na samaki wa kukaanga, mheshimiwa. Insha hii hapa."

Nyafu-nyafu-nyafu. Kwa insha ile ile akajifuta mafuta ya samaki. "Umefaulu. Bado sharti moja. Mtihani wa kuzungumza. Utakaa na Kasuku toka asubuhi mpaka jua la utosi, msitoe neno hata moja la nyumbani. Hata mwiba ukikuchoma."

Siwema, wewe ungeweza? Wewe huwezi kunyamaza hata ukiwa na maji mdomoni. Pelele aliweza. Mwiba ulimchoma kweli, na alilia kwa Kiitaliano.

Akapanda mlima mara ya mwisho. Masika yalikuwa yamekaribia, mawingu yameshajikusanya, na Korongo alikuwa ameshafika, yuko uani kwa Fisi anakunywa maji. Kikapu kiko kando.

"Mheshimiwa," Pelele akasema, "nimebakiza safari tu."

Korongo, masikini, ni ndege msema ovyo. Akasema, "Utafurahi! Kule mapaja ya nguruwe yananing'inizwa darini. Mazima! Yanakaa humo mwaka mzima yakikauka, ukitazama juu ni mapaja matupu."

Fisi akaacha kutafuna. Mate yakamdondoka, tii, tii, tii.

"Darini?" akauliza.

"Darini."

"Mazima?"

"Mazima."

Fisi akasimama, akajikung'uta. "Pelele, nilisahau kukuambia. Bado sharti moja. Mwaka huu kikapu anapanda mkuu wa idara. Wewe subiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka nishibe," akasema Fisi. Na nyinyi mnajua Fisi hushiba lini.

Pelele akatoka nje, akaketi. Hakulia. Alifikiria zizi asilolijua, na Mbayuwayu humo ndani, peke yake, wenzake wanakuja na kuondoka. Akafikiria viazi, na mahindi, na samaki. Akageuza macho, akaiona ghala ya Fisi. Ilikuwa imejaa mpaka mlango haufungi, na vyote vilikuwa vyakula vya wanafunzi. Akasimama, akarudi ndani, sauti tamu kabisa.

"Mheshimiwa, hongera ya safari. Ila kuna jambo naona haya kulisema."

"Sema."

"Na wewe bado sharti moja."

"Ebo! Mimi?"

"Kule mgeni asiyejua kula hakaribishwi. Chakula chao huja kwa mafungu, moja baada ya jingine. Ukisimama katikati, wanasema huyu hana adabu, na paja hupewi. Mtihani wa insha sijui ungefanyaje, lakini huu nakuombea ufaulu."

Fisi akajilamba. "Nifundishe! Nifundishe sasa hivi!"

Pelele akafungua ghala. Akaleta mikate na mafuta. Nyafu-nyafu-nyafu.

"Nimefaulu?"

"Umefaulu, mheshimiwa. Bado sharti moja."

Akaleta tambi, sinia zima. Fru-fru-fru.

"Nimefaulu?"

"Umefaulu. Bado sharti moja."

Akaleta nyama. Akaleta kunde, kama hizi mnazozimwaga chini nikiwaona. Akaleta jibini.

"Nimefa... ulu?"

"Umefaulu vizuri mno. Bado sharti moja, kitamu cha mwisho."

Akaleta asali na mtungi wake. Fisi alimaliza tumbo likiwa ndii, ngozi inang'aa, macho yameingia ndani. Akajikokota mpaka kwenye kikapu, akajitia. Kikapu kikalia kwee, kwee, kwee.

Korongo akashika mpini kwa mdomo. Akapiga mabawa, papa-papa-papa! Vumbi likatimka, majani yakaruka, kikapu hakitikisiki. Akajaribu tena, papa-papa-papa! Kikapu kikanyanyuka kidogo, kikaegemea upande, na Fisi akamwagika, puu!

Korongo akatema mpini, akahema. "Mimi ni ndege, si lori!"

Pelele alikuwa ameshaingia kikapuni.

Fisi akajaribu kuinuka, akashindwa, amelala chali kama mbawakawa. Akapaza sauti: "Pelele! Rudi! Bado sharti mojaaa!"

"Lipi?" Pelele akauliza kutoka juu. Lakini walishafika mbali, jibu halikusikika. Fisi alikaa vile chali mpaka mvua ikamnyeshea.

Haya, chekeni. Mcheke sasa hivi, mmalize.

Njia nzima Pelele alikuwa akipanga maneno. Alitaka kumwambia Mbayuwayu mambo kwa Kiitaliano safi, ashangae, aone jinsi mwenzake alivyosoma kwa ajili yake. Akashuka Italia, akaanza kuuliza. Aliwauliza bata, akawauliza paka, akawauliza kuku wa watu, wote wakamwelewa, wakamwelekeza. Hatimaye akafika kwenye zizi moja la ng'ombe, akaangalia juu ya boriti. Mbayuwayu alikuwa pale, bawa moja limening'inia, limeunga vibaya.

Pelele akasafisha koo. Akatoa hotuba yake yote, kila neno mahali pake, Kasuku angejivunia.

Mbayuwayu akajifunika uso kwa bawa lake zima. Machozi yalikuwa yanamtoka tu.

"Nimekosea?" Pelele akauliza.

"Hukukosea. Ila sema na mimi kwa lugha yetu, Pelele. Hawa ni watu wema, nilipovunjika walinipa mkate, wakanipa dawa. Lakini tangu nianguke, hakuna aliyeniambia pole."

"Pole," akasema Pelele.

"Tena."

"Pole sana, mwenzangu. Pole. Pole mno."

Wakakaa pamoja msimu wote, na soga zikarudi zile zile. Halafu baridi ikaanza. Mbayuwayu wengine wakajipanga kwenye nyaya za umeme, wanazungumza habari za safari, wanataja mawe ya Majabalini, wanataja kumbikumbi. Mbayuwayu wetu aligeuka, akatazama ukuta. Pelele akaona.

Asubuhi moja Korongo akatua na kikapu. "Pelele, msimu umekwisha! Panda, nina haraka."

Pelele akatazama kikapu. Ni kile kile cha mtu mmoja. Alikuwa na hamu na jiwe lake, wanangu, hamu iliyomrudia kila akisikia harufu ya mvua. Akamshusha Mbayuwayu kutoka kwenye boriti, akamweka ndani.

"Na wewe?" Mbayuwayu akauliza.

"Mimi bado sharti moja."

"Lipi?"

"Refu, siwezi kukueleza sasa, unamwona Korongo anavyolalamika. Unaijua idara yetu."

Mbayuwayu akaamini, maana Majabalini nzima iliijua idara ile. Na Pelele, aliyemdanganya Fisi macho makavu, safari hii alisema akiangalia chini, akijifanya anafunga kamba ya kikapu. Papa-papa-papa, wakaondoka. Pelele akapanda juu ya paa, akawatazama mpaka macho yakauma. Akashuka, akabaki zizini na Kiitaliano chake chote, na hakuna wa kumwambia pole.

Mbayuwayu akakaa kwenye ufa wa jiwe la Pelele. Vuli iliyofuata Korongo akatua, Mbayuwayu akakikimbilia kikapu akirukaruka na bawa lake moja. Ndani alikuwamo Kware, mguu umevunjika.

"Pelele yuko wapi?"

"Amenipandisha yeye. Amesema bado sharti moja."

Vuli nyingine, Hudihudi, bawa limechanika. "Pelele je?"

"Amesema bado sharti moja."

Siku hiyo ndipo Mbayuwayu alipoelewa. Kisha akamsogelea Hudihudi, akamwambia, "Pole." Na kila mwaka kikapu kinashuka na mwingine, maana kule waliovunjika na kuachwa nyuma ni wengi, na kila mwaka Mbayuwayu anatoka kukipokea, anachungulia ndani, anasema pole.

Mbona hamcheki?

Sasa funzo, maana hadithi bila funzo mtasema nimewapotezea muda. Funzo ni hili: mwanafunzi mzuri humaliza masomo yake kwa wakati. Pelele ni mvivu, mpaka leo hajahitimu. Tena ukiwa na kikapu chako, kaa wewe, usimwangalie mwenzako. Mfuateni Fisi, mnyama wa mfano, ambaye bado ni mkuu wa idara na amenenepa.

"Uongo," anasema Chausiku.

Uongo, ndiyo. Nilishawaambia nikidanganya mcheke.

"Bibi, na mama? Akipiga simu kutoka huko anakosoma, anasema amebakiza kitu kimoja tu, arudi. Mama kikapu chake amempandisha nani?"

Lo, mtoto huyu. Sijui, mjukuu wangu. Mwanakheri, mama yako, ni mwanangu, nilimzaa mimi, na simu ikikatika huwa nabaki nimeishika vile vile. Ningejua ningekuambia. Njoo hapa, sogea, acha hizo kunde, Kombo atazimalizia. Pole. Pole, mama.

"Na wewe pole, Bibi."

Haya. Hadithi yangu nimeitua hapa kwenye ungo, anayeitaka aibebe, na anayekwenda mbali ampelekee Pelele.