Chumvi ya Bi Nguchiro

Mnanichosha, watoto. Jana ngano, leo ngano, na kuni hamkuleta. Haya, nikisema "Ngano," jibuni "Itue." Ngano. Itue. Mwenye usingizi akalale, sirudii.

Hapo zamani za kale, Bi Nguchiro aliishi kando ya mto na watoto wake. Kiangazi kikaja, mto ukakatika, yakabaki madimbwi yenye kambare tele. Leo tele, kesho hakuna. Asipowatia chumvi wataoza, na watoto watakufa njaa. Akaenda kuchukua kibuyu chake cha chumvi. Hakipo.

Shemeji yake Kicheche, aliyekaa jirani, ndiye aliyekiiba. Alipoulizwa akaapa kwa kaburi la mama yake, na mama yake yu hai.

Nguchiro hakulia. Akakata matete. Kicheche akapita: "Shemeji, unajenga?" Nguchiro akazidi kukata.

Akayachoma matete. Kicheche akapita: "Shemeji, unaota moto na jua hili?" Nguchiro akazidi kuchoma.

Akayatia majivu kikapuni, akayamwagia maji, yaliyochujika akayachemsha. Kicheche akapita: "Shemeji, njaa imekupanda kichwani. Unapika majivu."

Nguchiro akazidi kupika. Maji yakakauka, chunguni ikabaki chumvi. Akawapasua kambare mgongoni, akatoa matumbo, akawasugua chumvi ndani na nje mpaka mashavuni. Akawaacha wachuruzike, akawaanika.

Kicheche naye alikuwa na kambare wake. Mvivu yule hakupasua hata mmoja. Aliwanyunyizia chumvi juu ya ngozi, kama mtu anayekula yai, akawarundika shimoni mwake akalala juu yao. Nje weupe, ndani wakaoza. Harufu ikafika kwa Pimbi, ikafika kwa Kanga, ikafika kwa Kobe. Wote wakaifuata. Wakakuta samaki wamejaa funza, na kibuyu cha Nguchiro pembeni.

Nguchiro, aliyekuja nao, akasema, "Shemeji, chumvi uliiba. Kazi yake hukuiba."

Wanyama wakacheka mpaka Kobe akapinduka. Watoto wa Nguchiro walikula kambare wakavu hadi mvua ikanyesha, wakanenepa.

Basi shikeni hili: kitu cha mtu utakibeba, lakini ujuzi wake utabaki kwake. Ngano imetua, nami natua.

Na Kicheche, mnauliza? Alipewa kazi ya kuchoma matete na kuchuja majivu ya kijiji kizima, kila kiangazi, bila kuonja samaki. Harufu nayo aliogea mtoni, akajisugua mchanga, haikutoka. Mpaka leo akipita, watu hushika pua.