Mkungu Uliokataa Kutuliwa

Nyamazeni niwape kisa, na anayekula cha yatima asogee mbele asikie vizuri.

Palikuwa na mzee wa kanisa, Elinaza, aliyemnyang'anya mjane Nambua shamba la migomba. Mama Ndeshi peke yake alimtetea mjane na kumpa chumba, na kwa hilo wazee wakamhamishia benchi la nyuma.

Jumapili ya mavuno, Elinaza akaingia na mkungu wa ndizi kichwani, sadaka yake. Alipofika madhabahuni, mkungu haukutoka. Mchungaji akavuta, ukaganda. Kwaya ikavuta, ukaganda. Elinaza akapiga magoti, ukazidi uzito na kusema, "Nimetoka shamba la mjane. Nirudishe."

Mama Ndeshi akasimama kule nyuma. "Mungu hali cha wizi," akasema. "Aende."

Elinaza akamfikia Nambua huku analia. "Mama, shamba nimekurudishia. Nitue."

Nambua akamwonea huruma, akanyoosha mikono. Mkungu ukauliza, "Na shamba la yatima wa bondeni? Na la kipofu wa ng'ambo ya mto?"

Mpaka leo Elinaza anabisha hodi mlango kwa mlango, maana alikwapua mengi, na shingo imezama mabegani. Nambua alimsamehe siku ile ile. Mkungu bado.