Ukuta wa Vyuma Vibovu

Wengi hudhani kuwa methali ya mficha maradhi ni ya wagonjwa wa kitandani tu. La! Hata mahali pa kazi huugua, na pakifichwa ugonjwa, hufa mtu.

Katika karakana moja ya mafundi wa lifti palikuwa na ukuta uliojaa vyuma vibovu. Kila chuma kilikuwa na kikaratasi kilichoeleza ni nani alikiharibu na kwa vipi. Mafundi waliuita "Hospitali" kwa utani. Kila Jumatatu, kabla spana haijashikwa, aliyekosea alisimama akaeleza kosa lake. Wenzake walimcheka, kisha wakajifunza. Kikaratasi cha kwanza kabisa kilikuwa cha Fundi Mkuu mwenyewe, kwenye boliti ya breki aliyoipasua kwa kuikaza mno.

Siku zikapita, akaja meneja mpya.

"Wateja wakiona takataka hizi watatuaminije?" aliuliza.

Vyuma vikatupwa, ukuta ukapakwa rangi nyeupe. Meneja akatangaza kuwa atakayekosea atafukuzwa. Mwezi huohuo fundi mmoja alikiri kosa dogo, akafungashiwa virago. Tangu hapo kila mtu akafyata ulimi, na Jumatatu zikawa kimya.

Miongoni mwao alikuwapo mwanamke aliyeitwa Bisibisi kwa wembamba wake, mjane mwenye watoto wawili. Fundi Mkuu ndiye aliyemfunza kazi tangu hajui kushika spana. Siku moja, akifunga breki ya lifti ya mizigo kwenye ghala, alikaza boliti kupita kiasi. Ikalia ka! Alipoinama aliona ufa mwembamba kama unywele, na boliti nyingine hakuwa nayo.

"Vipi mwanangu, tayari?" Fundi Mkuu aliuliza. "Kesho asubuhi naipakia mawe ya kupimia uzito na kuipanda mimi kwanza, kama kawaida yangu."

Bisibisi alifungua kinywa. Meneja alikuwa amesimama nyuma yao, daftari mkononi. Bisibisi aliwakumbuka wanawe.

"Tayari, baba," alijibu, akaupaka ufa grisi.

Aliapa moyoni kuwa atawahi kuibadilisha boliti kabla mtu hajagusa kitu. Kulipopambazuka alifika mbio, boliti mpya mfukoni. Lakini mzee yule, ambaye hakupenda kumchelewesha mteja, alikuwa amemtangulia. Lifti ilikuwa imeporomoka ghorofa nne na mawe yote ya kupimia uzito, naye akiwa ndani.

Baada ya mazishi, meneja aliwakusanya mafundi.

"Nani alifunga breki ile?"

"Ni mimi, bosi," Bisibisi alisema. "Na ufa niliuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemea wapi?" Akaunyoshea kidole ukuta mweupe. "Boliti ya baba ilikuwa pale miaka yote. Kila nilipoipita, ilinikanya nisikaze mno. Ulipoitupa, nikajifunza kuficha. Sijitetei, bosi. Nimemuua aliyenilea."

Meneja alichukua nyundo, akapigilia msumari kwenye rangi yake nyeupe, akaitundika boliti iliyopasuka ya lifti ile. Bisibisi aliandika kwenye kikaratasi: "Niliuona ufa, nikanyamaza." Kisha akaweka spana yake mezani na kwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe.

Meneja akaichukua kalamu. Akaandika chini yake: "Nami ndiye niliyewafundisha kunyamaza." Akalia mbele ya mafundi wake wote.

Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.